Tusome Nyuma ya Redio Kwanza

Redio ya kaseti tuliyoletewa zawadi kutoka Marekani ilitoa moshi mara tu tulipoichomeka. Watoto walikuwa wamekaa karibu. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Tulikuwa tumeiamini adapta ndogo ya plagi, kumbe hiyo hubadili miguu tu, haishushi umeme. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu Tanzania ni 230. Sisi wauguzi husoma kibandiko kabla ya kutoa dawa. Basi tusome na nyuma ya redio. Pakiandikwa volti 100 hadi 240, adapta yatosha. Pakiandikwa 120 pekee, tununue transfoma ya kushusha umeme, yenye wati nyingi kuliko za redio. Zawadi ya upendo isituletee moto nyumbani.