Bei ndogo, kipimo kidogo

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama wa Lwiro, tukirudi toka machimbo ya Nyabibwe tunauliza bei ya unga tu, kipimo hatuangalii. Tulizunguka butike tatu.

Ya kwanza iko na bei ya chini, lakini kopo yake imebonyezwa chini. Tuseme ni 2.000 fr na inabeba gramu 800: kilo inakuwa 2.500. Ya pili inapima kwa mizani, tuseme 2.300 kwa kilo nzima, na unga ya muhogo iko mukavu. Ile tunaita ya bei kali ndiyo rahisi.

Ya tatu inatupa deni hata shimo ikikosa kutoa kitu. Tunashukuru, watoto walikula bugali. Lakini ndani ya daftari bei inapanda, na sisi hatuna nakala. Siku ya malipo, faranga zote zinaishia pale.

Kwa sheria ya 2018 bei ni huru, tusingojee serkali itupangie. Basi kila mwenye deni aandike na yeye kwa daftari yake, na tuombe mizani kila butike.

Kwenye machimbo tunagombana na mununuzi juu ya mizani yake. Kwa chakula cha watoto, mbona tunanyamaza?