Burnt Forest inahitaji mtu wa kwenda kuona

Kuna mjadala unaorudi kila muhula katika darasa letu la uanahabari, na kila ukirudi hunikera. Swali ni kama mwanablogu ni mwanahabari. Nusu ya darasa hukataa: hana kibali cha Baraza la Vyombo vya Habari, hana mhariri wa kumrudi, kazi yake ni kusaka wafuasi. Nusu nyingine hujibu kwamba magazeti yamepitwa na wakati, na mwenye simu na bando ndiye ripota wa leo. Mimi nimezaliwa na kulelewa Burnt Forest, na yaliyoupata mji huu hayaniruhusu kukubaliana na upande wowote.

Jioni ya Desemba 30, 2007, mara tu Mwai Kibaki alipotangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais na kuapishwa, Wizara ya Usalama wa Ndani ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nilikuwa mtoto mdogo. Mama yangu, ambaye hadi leo anauza viazi sokoni, husema kilichomtisha zaidi usiku ule ni kukosa habari. Moshi ulionekana upande wa mashamba, redio hazikusema unatoka wapi, na simu ndogo ya mkononi ikawa ndiyo gazeti. Ujumbe uliingia: wanakuja usiku huu, wameshavuka barabara, toeni watoto. Miaka baadaye alikuja kuzungumza na jirani yetu wa kabila lingine, wakagundua kwamba naye alikuwa amepokea ujumbe kama huo siku hiyohiyo, ila huo ulisema sisi ndio tuliokuwa tunakwenda kwao. Hakuna aliyejua nani aliuandika. Kila mtu alijua nani alimtumia, na kwa kuwa alimjua, aliuamini.

Ni rahisi kuwashangaa watu walioamini hivyo. Lakini Burnt Forest ilikuwa imeshachomewa nyumba katika ghasia za mwaka 1992, na mtu aliyewahi kukimbia na godoro kichwani hangoji uthibitisho mara ya pili. Serikali nayo iliwatumia wananchi SMS ya kuwaonya dhidi ya kusambaza ujumbe wa uchochezi. Ilikuwa sawa kuonya. Ila ilikuwa imekwisha kuzima matangazo ambayo yangemwambia mama yangu kama ule moshi ulikuwa wa kilomita mbili au ishirini.

Katika siku hizohizo, wanablogu walifanya kazi ninayotamani kila mwanafunzi wa uanahabari Kenya aisome kwa makini. Ory Okolloh, aliyekuwa na blogu ya Kenyan Pundit, aliwaalika wasomaji wamletee waliyoyaona, akayachapisha. Juliana Rotich, aliyeandika kwa jina la Afromusing, alikuwa Eldoret wakati mambo yakichacha, akawa anaeleza hali kutoka hapohapo. Mapema Januari 2008, Okolloh aliuliza hadharani kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha kwenye ramani ni wapi watu wanashambuliwa. Kwa siku chache tu yeye, Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaizindua Ushahidi. Mtu alituma ripoti kwa SMS au kwa intaneti, ripoti ikalinganishwa kadiri ilivyowezekana na habari za wengine, kisha ikawekwa kwenye ramani mahali pake. Hadi leo Ushahidi imetumika katika nchi nyingi duniani. Sisi tulio karibu na palipozaa haja yake ndio hatuizungumzii.

Na hapa ndipo ninapowauliza wenzangu wanaosema intaneti yenyewe ndiyo mkombozi. Huyohuyo David Kobia alikuwa na Mashada, jukwaa ambalo Wakenya walijadiliana mtandaoni. Januari hiyohiyo lilijaa matusi ya kikabila kiasi kwamba wasimamizi walishindwa kuyadhibiti, na mwishoni mwa mwezi akalifunga. Mtu mmoja, mwezi mmoja, taifa moja lenye hasira. Kwenye Ushahidi uliulizwa umeona nini, wapi, lini. Mashada hakuna aliyeuliza. Mimi naamini tofauti yote iko katika maswali hayo matatu, na kibali cha Baraza hakiyaulizi kwa niaba yako: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ule wa 2007, ilizilaumu baadhi ya redio za lugha za mama kwa kuchochea chuki. Redio hizo zilikuwa na leseni na wahariri.

Nitaeleza jambo la karibuni zaidi. Januari moja, kiangazi kikiwa kimekolea na vumbi likiwa limejaa hadi kwenye magunia, picha ya matatu iliyobingirika ilianza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp. Maelezo yalisema ajali imetokea muda mfupi uliopita karibu na Burnt Forest na watu kadhaa wamefariki. Sokoni kulikuwa na mama ambaye kijana wake alikuwa njiani kutoka Nairobi na simu yake haipatikani. Mama huyo alikaa chini kwenye gunia tupu, akawa hasemi wala halii. Nikaikuza picha kwenye simu. Lami ilikuwa imelowa chepechepe. Pembeni mtu alikuwa ameshika mwavuli, na mtaro ulikuwa unatiririka maji. Kwetu mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Mwendesha bodaboda mmoja alikubali kwenda mpaka mahali palipotajwa, akapiga simu kutoka kando ya barabara: malori yanapita kama kawaida. Yule kijana alifika jioni, betri ya simu ikiwa imemwishia.

Wakati bodaboda yuko njiani, ukurasa wa kituo kimoja kikubwa cha habari, wenye tiki ya buluu, ulikuwa umeichapisha picha ileile kwa maneno yaleyale. Haukumpigia simu mtu yeyote hapa. Baadaye iliondolewa kimyakimya, bila neno la kuomba radhi. Makundi ya WhatsApp yaliendelea kuisambaza, sasa yakitaja kituo hicho kama chanzo.

Sidhani mhariri wa zamu alikuwa mtu mbaya. Nadhani hakuwa na wa kumpigia. Vyombo vyetu vimepunguza wafanyakazi mwaka baada ya mwaka, na ripota wa mashinani aliyebaki kwa kawaida hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Akipanda matatu mpaka Ainabkoi akakuta hakuna ajali, hana habari ya kuuza, na nauli imetoka mfukoni mwake. Kwa utaratibu huo, anayegundua kwamba jambo ni uongo ndiye anayepata hasara. Hilo linaniudhi kuliko blogu yoyote ya umbea.

Wakubwa wa nchi wamechagua dawa nyingine. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha habari za uongo. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa pia mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho lililomhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafia katika kituo cha polisi cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kupigwa. Nani hapa kwetu atatuma picha ya kituo cha polisi au ya chifu baada ya hapo? Watakaonyamaza ni wale wanaosaini majina yao. Mwandishi wa ule ujumbe wa 2007 hakuwa na jina, na wa uchaguzi ujao pia hatakuwa nalo.

Uchaguzi huo ni Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, kila chombo kinachotaka tukiamini kiwe na mtu mmoja Burnt Forest, mwingine Timboroa, mwingine Turbo, anayelipwa kwa mwezi hata pale anapopiga simu kusema hakuna kilichotokea. Awe mwanablogu wa hapa ikiwa ndiye anayejua njia. Na chombo kikikosea, marekebisho yatumwe kama picha moja yenye nembo yake, inayoweza kusambazwa kwenye WhatsApp kwa kugusa mara moja, maana mama aliyekaa kwenye gunia sokoni hatafungua tovuti kuyatafuta.