Kwa Bei Yake

Kuna maneno matatu ninayotamani yafutwe kwenye kila uchambuzi wa simu za Android za bei ya chini: “kwa bei yake”. Kamera inatoa picha kama zimepigwa kwenye moshi? Kwa bei yake, si mbaya. Simu inaganda ukipigiwa huku unasoma? Kwa bei yake, utavumilia. Haijapata sasisho la usalama tangu itoke kiwandani? Aa, kaka, kwa bei yake ulitaka nini?

Utaniuliza simu zimeingiaje kwenye ukurasa wa fasihi. Zimeingia kwa mlango wa mbele. Hadithi inayouzwa sehemu baada ya sehemu WhatsApp, shairi linalosambazwa kama picha, hata makala hii: wengi wetu tunavisoma kwenye kioo cha simu ya laki mbili. Hiyo ndiyo maktaba yetu. Basi tuihakiki kama tunavyohakiki vitabu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Pangani kumrekodi bibi yangu mzaa mama, ili anisimulie hadithi alizokuwa akitulaza nazo utotoni. Simu nilikuwa nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mwaka mmoja kabla. Boksi lilisema GB 16. Winga akaapa, “Hii inabeba kila kitu, broo.” Nilipoiwasha mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa imeshaliwa na mfumo pamoja na programu zilizokuja nayo: michezo miwili nisiyoicheza, kivinjari cha pili, duka la pili la programu, na programu ya habari inayonitupia umbea usiku wa manane. Ukitaka kuzifuta, hazifutiki. Unaruhusiwa kuzizima tu, na nafasi zinaendelea kuila.

Bibi akasimulia karibu saa nzima, akaimba na nyimbo za katikati. Simu ilikuwa imejaa, ikaacha kurekodi yenyewe kimyakimya. Niliambulia dakika 11. Kesho yake nilimwomba arudie. Akarudia, lakini kwa kufupisha, kama mtu anayejibu maswali ya karani, na nyimbo akaziacha. Bibi yupo, mzima wa afya. Simulizi ile ya jana yake ndiyo haipo.

Najua, mwandishi wa habari hukagua vifaa vyake kabla ya kazi. Uzembe ule ni wangu, naubeba. Lakini GB zile nilizilipia mimi, na aliyezikalia si mimi.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwaungi mkono wale wanaocheka simu ya mtu kwenye uzinduzi wa kitabu, wakidhani usomaji unaanzia kwenye iPhone. Simu za bei ya chini zimefanya kazi kubwa. Kampuni ya Transsion ya China, yenye Tecno, Itel na Infinix, ilitusoma vizuri: laini mbili kwa sababu tunakimbizana na bando, betri inayostahimili umeme kukatika, kamera inayojua kwamba uso mweusi nao unahitaji mwanga. Mwaka 2017 Google ilileta Android Go, mfumo mwepesi kwa simu zenye RAM ndogo. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaanzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya, mtu akaweza kulipia simu kwa shilingi 20 za huko kwa siku. Anayebeza hayo hajawahi kuhesabu chenji.

Ninachokataa ni kuchanganya mapungufu ya aina mbili. Kuna yale ninayoyaona dukani: mfuniko wa plastiki, kioo kisicho angavu juani, kamera ya kawaida. Hayo nimeyakubali kwa macho yangu na pesa yangu. Hapo maneno “kwa bei yake” ni haki. Halafu kuna yale yasiyoonekana: nafasi iliyokwishaliwa, matangazo yasiyozimika, kamera za nyuma zilizowekwa kama mapambo, sasisho za usalama zisizokuja. Hayo hayajapunguzwa kwenye bei. Ni bei yenyewe, ila inalipwa nyumbani, kwa awamu, na hakuna anayekupa risiti.

Mwaka 2019 Google wenyewe walieleza kwamba programu hasidi iitwayo Triada ilipandikizwa kwenye baadhi ya simu za Android kabla hazijafika dukani. Mnunuzi wa namna hiyo analinda kitu gani kwa nywila yake? Na ni simu hiyohiyo anayowekea pesa zake, siyo mashairi tu.

Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki, Watanzania tulijifunza kubonyeza *#06# na kuuliza, “Ni orijino?” Lilikuwa swali zuri, ila tukaishia hapo. Simu yangu ya Pangani ilikuwa orijino kabisa, na waranti juu.

Kwa hiyo ukienda dukani, muombe muuzaji aiwashe simu kabla hujalipa. Fungua mipangilio, tazama nafasi iliyobaki, si ile ya kwenye boksi. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Jaribu kufuta mchezo mmoja. Akinuna, umeshapata jibu.

Na wenzangu tunaoandika na kuchapisha, tusijifanye hatumo. Tunalalamika kwamba Waswahili hawasomi, kisha tunawatumia kitabu cha kurasa 90 kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, faili zito kuliko video ya harusi. Msomaji anatazama nafasi iliyobaki, anachagua kati ya riwaya yetu na picha za mwanawe. Sisi wenyewe tungefuta nini?

Wachambuzi wa simu nao waache kumsimanga mtu kwa umaskini wake. Laki mbili kwa wengi ni mshahara wa mwezi, na kwa wengine ni zaidi. Hiyo ni pesa nyingi. Kwa bei hiyo, mtu anastahili simu ambayo ni yake.