Sonona ya Ngombezi Haitatibiwa kwa Miwani

Kuna injili mpya inayohubiriwa na kampuni za teknolojia, na baadhi ya wasomi wetu wameiitikia amina kabla mahubiri hayajafika mwisho. Inasema kwamba mwenye sonona avae miwani ya uhalisia pepe, afungue mchezo kama Beat Saber, apunge mikono kuvikata vipande vinavyomjia kwa mdundo wa muziki, na moyo wake utachangamka.

Injili hii ina ukweli ndani yake, nao ni mazoezi. Mwaka 2024 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000. Ulionyesha kuwa kutembea, kukimbia polepole, yoga na kunyanyua vitu vizito hupunguza sonona. Kutembea, ndugu msomaji! Miwani huongeza raha, na raha humrudisha mtu kesho yake. Hilo si dogo kwa mgonjwa aliyekosa hamu hata ya yale aliyoyapenda. Aliyefungiwa ndani na baridi ya Ulaya, au na hofu ya kukutana na watu, avae miwani yake kwa amani.

Ugomvi wangu ni na wanaotaka kutuletea chombo hicho kama sera. Tuitazame Ngombezi, Korogwe, nchi ya mkonge. Miwani ya bei nafuu ya kampuni ya Meta, Quest 3S, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, yaani zaidi ya shilingi laki saba. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Mkata mkonge angekusanya mshahara wa miezi mitano, bila kula, na bado angepungukiwa.

Hapo husimama mwerevu wa pili na kudai kwamba mkata mkonge hahitaji mazoezi yoyote, maadamu anautumia mwili wake kutwa. Huyu ananiudhi kuliko wa kwanza. Kukata majani yenye miiba, kuyafunga mafungu na kulipwa kwa hesabu ya mafungu hayo si mchezo. Tafiti zinazotenganisha harakati za kazini na zile za wakati wa mapumziko aghalabu huona nafuu ya moyo katika zile alizojichagulia mtu mwenyewe, wala si katika jasho la ajira. Mwili ni ule ule, lakini kazini hauna uhuru. Nani basi atamrudishia mkata mkonge saa moja ya uhuru?

Wala elimu hii haikuletwa kwetu katika boksi kutoka California. Katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara, ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi, inayoendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kwa miaka mingi kazi za bustani na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu yake. Lakini Lutindi ni mlimani, ilhali sonona huanzia chini, jikoni na kambini, kabla mtu hajafikiria hospitali. Zimbabwe wamelijibu hilo kwa mabenchi nje ya zahanati, ambapo bibi waliofunzwa huketi na kuwasikiliza wenye huzuni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hutengenezwa na fundi seremala yeyote.

Kwa hiyo, yeyote atakayefika Korogwe na andiko la mradi wa miwani aulizwe kwanza habari za viwanja. Eneo la mpira limepimwa na kupewa hati, au linasubiri kukatwa viwanja vya nyumba? Wapi wanawake watacheza netiboli, na saa ngapi, ikiwa mama akitoka shambani anaanza kuchota maji, kisha kuni, kisha chakula cha jioni? Swali hili la mwisho ndilo gumu, nami sijaliona katika andiko lolote. Halmashauri ilijibu kwa bajeti, tena mwaka huu.