Udongo wa Tanuri Ufundishwe Penye Chai

Mpita njia aonaye moshi ukifuka kutoka kiwanda cha chai cha Litein au Kapkoros huwaza majani na kuni. Ni wachache wauwazao udongo. Hata hivyo, kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 22 hivi tu za chai kavu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, nayo hufukuzwa kwa joto litokanalo na mvuke wa boila. Moto huo wa kuni, kwa kawaida, huzuiliwa na matofali ya udongo wa aina ya pekee.

Upekee wake ni upi? Una alumina na silika kwa wingi, na chuma, chokaa na magadi kwa uchache, kwani hivi vitatu ndivyo viharakishavyo kuyeyuka. Kaolini safi hustahimili joto la nyuzi 1,700, ilhali udongo mwekundu wa kawaida huweza kulegea hata kabla ya nyuzi 1,200. Basi wekundu wa ardhi ya Kericho na Bomet, ambao wageni huusifu sana, ni wa chuma kile kile kinachoifanya isifae kwa tanuri kali.

Kwa jikoni, hata hivyo, hatuhitaji nyuzi 1,700. Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo, lililobuniwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuigiza lile la Thailand, lilipunguza makaa katika nyumba nyingi za mijini kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee. Kwa nini basi shule ipikie mamia ya wanafunzi juu ya mafiga, huku msitu wa Mau ukiwa jirani yetu?

Nawaomba walimu wa kemia wajaribu jambo moja. Wanafunzi wafinyange vibamba viwili, kimoja cha udongo mtupu, cha pili kilichochanganywa na vigae vilivyopondwa, kisha wavikaushe na kuvichoma pamoja. Wafinyanzi wetu wa kale walijua ni kipi hupasuka upesi. Nazo bodi za shule, kabla ya kulipia lori jingine la kuni, ziulize bei ya jiko lililojengwa kwa matofali yanayostahimili moto.