Mtahini Hajui Somo
Kila orodha ya wanaowania tuzo za Tony inapotoka, mashabiki wa Broadway hugombania nyuso: nani kaachwa, nani kapendelewa. Sawa, gombaneni. Lakini mwaka 2014 waandaaji waliamua kuifuta tuzo ya ubunifu wa sauti, na miongoni mwa sababu zilizoripotiwa ni kwamba wapiga kura wengi hawakujua namna ya kuipima kazi hiyo. Yaani mtahini hajui somo, anafukuzwa mwanafunzi! Mnong'ono wa mwigizaji unapokufikia kwenye kiti cha nyuma kabisa, kuna mtu kaufikisha. Tuzo ilirudishwa msimu wa 2017/2018, baada ya wabunifu wenyewe kupaza sauti. Basi shabiki, ukimtetea mwimbaji wako, mtetee na aliyekuwezesha kumsikia.