Kamera ndogo ipimwe kwa sura zetu

JICHO LA JUMAPILI
Na Rehema Mbwana

Kamera ndogo zimerudi, na zimerudi na bei kubwa. Mwaka 2010 kampuni za Japani ziliuza zaidi ya kamera milioni 100 za aina hiyo; mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2, kwani simu zilikuwa zimeshalichukua soko. Chache zilizobaki zikapandishwa daraja. Fujifilm X100VI ilipotangazwa Februari 2024, bei yake ilikuwa dola 1,599 za Marekani, kama shilingi milioni nne za Tanzania kabla ya ushuru na VAT, na bado wanunuzi walijaa kwenye orodha za kusubiri.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kamera hizi huanza na megapikseli, kisha video, kisha kama lenzi inavuta mbali. Mimi nauliza: sisi tutatokaje humo? Mama akiwa jikoni jioni, chini ya balbu moja. Mtoto mweusi tititi aliyevaa shati jeupe la shule. Babu yuko uani na kanzu na kofia yake, jua la saa saba liko utosini. Hao ndio watu wa picha zetu za kila siku, na kamera isiyowatoa vizuri haitufai hata ikisifiwa dunia nzima.

Swali hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipima mitambo yake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawasawa, mtambo umekaa sawa. Ngozi nyingine zijitafutie. Na filamu zenyewe zilibuniwa kwa kufikiria ngozi ya namna hiyo. Fungueni albamu za nyumbani, tazameni picha za rangi za darasani za miaka ile: macho na meno yanaonekana, uso wenyewe umezama. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba hatutoki vizuri kwenye picha kwa sababu ni weusi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kamera za dijitali hazina kadi ya Shirley, lakini zina upofu wa aina yake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinamtazama nani. Hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina mwanga wa wastani, si cheupe wala si cheusi. Msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso unapotelea gizani. Sasa mkalishe shangazi mwenye buibui jeusi mbele ya mlango mkongwe wa mbao. Kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi yake inayong'aa inatoka imepauka kama imepakwa majivu. Kamera haijaharibika popote hapo. Inasubiri mtu aiambie ukweli.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye kamera ndogo ni gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga, lililo juu ya kamera, lenye namba za hasi na chanya, dole gumba la kulia likifika bila kutafuta. Kamera za X100 zinalo kwenye kona. Canon G7 X Mark II ya mwaka 2016 inalo pia, chini ya gurudumu la kuchagulia namna ya kupiga. Kwa bwana harusi wa kanzu, zungusha hadi chanya 1. Kwa shangazi wa buibui, rudisha nyuma vituo viwili vidogo chini ya sifuri. Ni kazi ya sekunde moja na inaokoa sura ya mtu. Sony RX100, nzuri kwa mengi, haina gurudumu la kazi hiyo peke yake, na jambo linalodai kubonyeza kwanza halifanyiki harusini watu wanapita.

Najua kuna watakaosema simu zimelimaliza tatizo hili. Zimelipunguza, na nalikubali hilo kwa moyo mweupe. Tecno walijijengea jina Afrika kwa kamera zinazozijali ngozi nyeusi, na Google mwaka 2021 walitoa Pixel 6 wakiwa wamefanyia kazi rangi za ngozi kwa makusudi. Lakini simu bado inaamua kabla yako. Inapiga picha kadhaa kwa mkupuo, inaziunganisha, inaangaza penye kivuli, inalainisha mashavu, na nyingine hutoka dukani zikiwa tayari zimewashiwa urembo. Mikunjo ya bibi inafutwa bila bibi kuulizwa. Nazitazama picha zilizopigwa katika studio zetu za zamani, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza kule Zanzibar mwaka 1930, naona watu wenye heshima yao yote usoni. Siri ya studio hizo haikuwa mtambo wa ajabu. Kulikuwa na mpiga picha aliyemtazama aliyekaa mbele yake, akaupanga mwanga kwa ajili ya mtu huyo. Kamera ndogo nzuri inakurudishia uamuzi huo mkononi.

Jioni inaleta hesabu nyingine. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, kwenye kamera ndogo za bei rahisi kina milimita kama 6 kwa 4.6 tu. Kinachoitwa cha inchi moja, kilichomo kwenye RX100 na G7 X, ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo kubwa mara nne. Cha X100 na Ricoh GR III ni kama 23.5 kwa 15.6, zaidi ya mara tatu ya hicho cha inchi moja. Chini ya balbu ya jikoni tofauti hiyo unaiona kwa macho: ngozi inabaki na rangi zake, wekundu na udhahabu uliomo ndani ya weusi, badala ya kujaa chengachenga.

Lenzi nayo isikudanganye kwa kuvuta mbali. Kuanzia toleo la tatu la 2014 hadi la tano la 2016, RX100 ilikuwa na lenzi ya f/1.8 hadi f/2.8; namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi. Toleo la sita la 2018 likaja na lenzi inayovuta hadi milimita 200, lakini f/2.8 hadi f/4.5. Kabla ya kuvuta, lile la zamani linaingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Anayepiga ndege ziwani Naivasha achukue jipya. Anayepiga watoto wake sebuleni achukue la zamani, tena abakishe pesa mfukoni. Wauzaji watakwambia kwamba kamera yenye kidhibiti mtikisiko haihitaji lenzi angavu. Kidhibiti hicho kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mtoto anayecheza singeli.

Na mchana, flashi. Wengi huiwasha usiku pekee, ilhali kazi yake nzuri kuliko zote ni saa saba, kumulika macho yaliyofichwa na kivuli cha kofia au mtandio. Hapa ndipo Ricoh GR III ya mwaka 2019 inaponikatisha tamaa. Ni gramu 257 tu, inaingia mfuko wa shati, kihisi chake ni kikubwa, lakini flashi haina. Zaidi ya hayo mwili wake haukuzibwa dhidi ya vumbi, na lenzi yake hutoka na kuingia kila ukiiwasha. Siwezi kumshauri anayepanda bodaboda kila siku kwenye barabara ya vumbi aibebe.

Basi kwangu mimi, mwenye mkoba na uwezo atafute X100F ya mwaka 2017 iliyotumika: kihisi kikubwa, lenzi ya f/2, flashi ndani, gurudumu mahali pake, na dirisha la kuchungulia picha pale jua linapokuwa kali hata skrini haisomeki. Haivuti mbali hata kidogo. Itabidi usogee karibu na watu, na ni vizuri usogee. Mwenye mfuko mdogo, kwa maana zote mbili, G7 X Mark II inamtosha, ingawa dirisha hilo haina.

Ukienda dukani, Kariakoo au katikati ya Nairobi, nenda na memori kadi yako mwenyewe na mtu mweusi aliyevaa shati jeupe. Mpige mlangoni penye jua, kisha ndani ya duka taa zikiwa nyuma yake, mara moja kamera ikijiamulia na mara ya pili umeongeza mwanga. Kwa kamera iliyotumika, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa pembeni, utafute nyuzinyuzi za ukungu. Zilizokaa pwani hushikwa sana na unyevu. Muuzaji akikataa haya, nenda duka linalofuata. Akikubali, mshukuru, chukua kadi yako, zitazame picha nyumbani kwenye skrini kubwa kabla ya kurudi na pesa.